Tembo la Mnazi na Ubongo wa Mtoto Aliye Tumboni

Katika mwambao wa Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, mnazi humpa mwanadamu nazi, makuti na tembo. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akakata kwa kotama ncha ya kikonyo cha maua na kukinga utomvu wake. Utomvu huo ni mtamu, lakini hamira za asili huanza kuugeuza mara tu unapodondoka. Kwa muda wa saa chache tembo huweza kuwa na kileo cha asilimia 4, takriban sawa na bia. Kwa hiyo tembo tamu nalo ni pombe, na jambo hilo lina uzito wa pekee kwa mama mjamzito.

Kileo huvuka kondo la nyuma bila kizuizi. Kiasi kinachoingia katika damu ya mtoto hukaribia kile kilichomo katika damu ya mama. Lakini ini la mama limekomaa na laweza kukivunja kileo. La mtoto bado ni changa.

Mwaka 1968, huko Nantes, Ufaransa, daktari Paul Lemoine na wenzake walieleza hali ya watoto 127 wa wazazi walevi. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, walizitambulisha dalili zake kwa ulimwengu: kichwa kidogo, macho yenye uwazi mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na akili inayochelewa kukua.

Je, kileo hudhuruje ubongo? Mwaka 2000 John Olney na wenzake walichapisha majaribio yao juu ya vitoto vya panya vya siku saba, umri ambao ukuaji wa ubongo wao hulingana na miezi ya mwisho ya mimba ya binadamu. Seli changa za neva huhitaji kupashana habari ili ziendelee kuishi. Kileo kilinyamazisha mawasiliano hayo, na seli nyingi mno zikajiangamiza zenyewe.

Uso hufanyika katika majuma ya mwanzo, lakini ubongo hujengwa miezi yote tisa. Ndiyo sababu mtoto aweza kuzaliwa na sura ya kawaida, hali ubongo wake umedhurika. Afikapo shuleni husahau upesi, hashiki hesabu wala hatulii. Huitwa mtundu au mvivu, akaadhibiwa kwa kosa lisilo lake.

Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Tena mfereji unaozaa ubongo na uti wa mgongo hufumbwa kabla mimba haijatimiza mwezi mmoja, wakati wanawake wengi hawajajua kwamba wamechukua mimba. Anayetarajia kuzaa afadhali aache mapema. Naye aliyekwisha kunywa bado ana faida ya kuacha leo. Aliyezoea kunywa sana asiache ghafla peke yake, bali amwone mganga, kwa kuwa kuacha ghafla kwaweza kuleta degedege.

Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila mjamzito aulizwe kliniki kuhusu pombe. Swali hilo liulizwe bila lawama, maana mama anayeaibishwa hatasema kweli. Mume naye ana wajibu: asimkaribishe mkewe kibuyu.