Ujumbe wa Dirisha Katika Njia Panda

Programu ya kompyuta ya mezani haioni kidole kinapobonyeza kitufe wala kipanya kinaposogezwa; matendo hayo hupokewa kwanza na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayotawala vifaa vya kompyuta, ambao hugeuza kila tendo kuwa ujumbe mdogo wenye namba na kuupeleka kwenye dirisha linalohusika. Utaratibu huo, ambao Windows imeufuata tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1985, unafanana na kazi ya Tabora katika njia ya misafara: shehena iliyopanda kutoka Bagamoyo ilifika kwanza Unyanyembe, eneo la Tabora, ndipo ikagawanywa, nyingine ikaelekea Ujiji na nyingine Karagwe na Buganda, kama reli ya kati inavyogawanyika hapo hapo leo kwenda Kigoma na Mwanza.

Watunzi wengi wa programu hawafiki kwenye njia panda hiyo, kwa kuwa hutegemea maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari, ambayo huchambua ujumbe na kuwaarifu tu kwamba dirisha limepanuliwa au limefungwa. Maktaba, hata hivyo, haitangazi kila jambo. Mtunzi anayetaka programu yake itambue papo hapo flashi inapochomekwa huenda asilipate tukio hilo humo, ingawa Windows hulitangaza kwa ujumbe namba 537, unaohusu mabadiliko ya vifaa; hana budi kushuka ngazi ya chini na kuweka msikilizaji, yaani kipande cha msimbo kinachousoma ujumbe kabla dirisha halijaushughulikia.

Lakini anayesimama njiani anaweza pia kuifunga njia. Mwaka 1871 Mirambo, mtawala wa Urambo, aliifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji alipopigana na wafanyabiashara Waarabu, hata mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akimtafuta mvumbuzi Livingstone, akalazimika kuzunguka upande wa kusini. Ujumbe wa dirisha hauna njia ya kuzungukia. Msikilizaji akiuzuia ule asiouhitaji, dirisha laweza kuacha kujichora au kukataa kufungwa. Na kwa kuwa ujumbe huhudumiwa mmoja mmoja kwa zamu, akikawia sekunde chache tu dirisha zima huganda. Kwa hiyo msikilizaji mwema husoma namba, hunakili anachokihitaji, huupitisha ujumbe mara moja, na kazi nzito, kama kunakili mafaili ya flashi hiyo, huikabidhi kwa sehemu nyingine ya programu inayokwenda sambamba.