Kompyuta ya Nyumbani Kutumika Ukiwa Nje ya Nchi: Yanayopaswa Kuzingatiwa Tarime na Serengeti

Mfanyabiashara wa Tarime anapovuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya, au mwendesha safari za watalii wa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, anapohudhuria maonesho ya utalii ya ITB mjini Berlin, Ujerumani, mara nyingi huacha nyumbani kompyuta yenye hesabu, mikataba na orodha ya wateja. Teknolojia humwezesha kuifungua akiwa mbali na kufanya kazi kana kwamba ameketi mbele yake.

Huduma ya Remote Desktop ya Windows hupokea mawasiliano kwenye matoleo ya Pro. Toleo la Home haliyapokei. Programu kama AnyDesk na Chrome Remote Desktop hufanya kazi kwenye matoleo yote mawili, tena zinamfaa zaidi mtumiaji wa intaneti ya laini ya simu. Laini hiyo kwa kawaida haina anwani yake inayofikika kutoka nje, nazo hupitisha mawasiliano kwenye seva ya katikati.

Hata hivyo, kinachowakwamisha wasafiri wengi si programu, bali umeme na kifurushi. Umeme ukikatika usiku, kompyuta ya mezani huzimika na kubaki hivyo hata umeme ukirejea, isipokuwa mwenyewe aliiwekea mapema, kwenye mipangilio ya BIOS, agizo la kujiwasha. Ikiachwa ijilaze yenyewe baada ya dakika chache, nayo haitaitika. Kifurushi kikiisha muda wake, safari yote imekwisha kwa upande wa kompyuta. Ni busara kufanya jaribio siku kadhaa kabla ya kuondoka, kwa kutumia intaneti nyingine na si ile ya nyumbani.

Hatari kubwa zaidi ni kuuacha wazi mlango namba 3389 wa ruta, unaotumiwa na Remote Desktop. Wahalifu hutumia programu zinazosaka milango hiyo duniani kote usiku na mchana, zikibahatisha nywila. Wakifaulu, hufunga mafaili yote kwa msimbo na kudai fidia. Nywila ndefu na uthibitishaji wa hatua mbili ni lazima. Lakini namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi huhitaji laini ya Tanzania iliyo hewani ugenini. Asiye na rominga hujifungia nje mwenyewe, hivyo atangulie kuandika kwenye karatasi namba za akiba.

Kwa wanaotumia VPN, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa taarifa Oktoba 2023 ikiwataka watu na kampuni ambao kazi zao zinaihitaji kuwasilisha taarifa za matumizi hayo. Aidha, mwenye nakala za pasipoti za wageni akumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Kuzisoma zikiwa zimebaki Mugumu ni salama kuliko kuzinakili kwenye kompyuta ya hoteli.

Anayepiga simu akijiita fundi na kuomba namba ya AnyDesk asipewe. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na taarifa hutolewa kituo cha Polisi kilicho karibu.