Mvulana na Suruali Yake ya Kwanza

Mama wa Handeni au Korogwe akimvika mwanawe mdogo wa kiume gauni la dada yake, kwa kuwa hana nguo nyingine, pengine wapo watakaomcheka. Na tutazame kama kicheko hicho kina haki.

Huko Marekani, katika karne ya 19, watoto wadogo wa kiume walivaa gauni kama dada zao, hata wana wa matajiri. Franklin Roosevelt, aliyekuwa Rais tangu 1933 hata 1945, alipigwa picha mwaka 1884, naye ana miaka miwili na nusu, amevaa sketi. Sababu zilikuwa wazi: mtoto asiyejiweza husafishwa upesi akiwa na gauni, tena upindo wake hufumuliwa kadiri akuavyo, wala hasumbuliwi na vifungo. Alipopata miaka 4 hata 7 hivi ndipo aliposhonewa suruali, na jamaa wakafurahi. Desturi hiyo ilikoma baada ya Vita Kuu ya 1914–1918.

Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyoleta Unguja nguo ya merikani katika miaka ya 1830, ikapanda bara kwa misafara ya Pangani. Wazee wetu walijifunga shuka. Na kanzu, ndefu hata vifundoni, ni heshima ya mwanamume mpaka leo.

Basi twaona ya kuwa nguo ni desturi na manufaa. Uanaume haukushonwa ndani ya suruali. Mtoto na avikwe kilichopo, mradi ni safi, wala asichekwe.