Swichi ya jeni iliyofungua njia ya kutibu selimundu

MTOTO anayezaliwa na ugonjwa wa selimundu huonekana mzima kwa miezi kadhaa ya kwanza. Hunyonya na kunenepa kama wenzake. Kisha vidole huvimba, maumivu ya mifupa huanza, na safari za hospitalini hazikomi tena. Siri ya kipindi hicho cha amani ilidokezwa mwaka wa 1948 na Dkt Janet Watson wa New York. Alieleza kwamba mtoto mchanga angali na himoglobini aliyotoka nayo tumboni, na himoglobini hiyo huzuia seli za damu kujikunja mithili ya mundu.

Ni nini basi huizima jeni ya himoglobini hiyo baada ya mtoto kuzaliwa?

Kulijibu swali hilo kulihitaji ufahamu wa kromatini. Kila seli yenye kiini imebeba DNA ya urefu wa takriban mita 2, iliyozungushwa kwenye protini ziitwazo histoni kama uzi kwenye vibiringo. Uzi huo na protini zake ndio kromatini. Ulipokazwa, jeni hazisomeki, ulipolegezwa, husomeka. Ndiyo sababu seli ya ini na ya ubongo hazifanyi kazi moja ijapokuwa jeni zao ni zile zile.

Mwaka wa 2008 Vijay Sankaran na wenzake, katika maabara ya Profesa Stuart Orkin mjini Boston, Marekani, walionyesha kuwa protini iitwayo BCL11A ndiyo inayoizima himoglobini ya mtoto. Hata hivyo, kuiangamiza protini hiyo mwilini kote kungekuwa hatari, kwani ubongo na chembe za kinga huihitaji.

Ufumbuzi ulitolewa mwaka wa 2013 na Daniel Bauer, aliyekuwa akifanya utafiti wa baada ya uzamifu katika maabara hiyo hiyo. Yeye na wenzake walichunguza mahali kromatini ilipolegea katika seli zinazozaa damu nyekundu. Ndani ya jeni ya BCL11A yenyewe wakakuta kipande kidogo kilicho wazi katika seli hizo. Ilikuwa swichi ya damu nyekundu pekee: ikiharibiwa, BCL11A hupungua humo na kubaki salama kwingineko. Ajabu ni kwamba kasoro yenyewe ya selimundu haiguswi hata kidogo.

Mnamo 2019 Victoria Gray, Mmarekani, alirudishiwa seli zake za uboho zilizokatwa swichi hiyo. Tiba hiyo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata kwa bei ya dola milioni 2.2. Mgonjwa hulazimika kwanza kupewa dawa kali za kuua uboho wa zamani, jambo linalohitaji hospitali ya hali ya juu.

Kwa familia za Pwani na eneo la Ziwa Victoria, ambako ugonjwa huu umeenea, bei hiyo ni ndoto. Lakini kuna kidonge cha miaka mingi, haidroksiyurea, ambacho nacho huongeza himoglobini ile ile. Matokeo ya utafiti uliofanywa Kilifi na katika vituo vya Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, yaliyochapishwa 2019, yalionyesha kuwa watoto waliokitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na vifo.