Haki za Mzazi Anayelea Watoto Peke Yake, na Kazi ya Katibu wa Chama

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Katika vyama vya msingi vya Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, mzazi anayelea watoto peke yake si mgeni. Yuko mjane, yuko mke aliyeachwa, yuko binti aliyezaa kabla ya kuolewa, na wako wanaume waliofiwa na wake zao. Wala hali hii si mpya katika nchi ya Unyanyembe. Katika karne ya 19 wanaume wa Kinyamwezi waliondoka Tabora kwa maelfu, wengine wakibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, wengine wakishika njia ya Ujiji, na nyuma yao mashamba na watoto wakabaki mikononi mwa wanawake. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 njia ya miguu ilififia, lakini safari za kutafuta kazi hazikukoma.

Zamani aliyebaki na watoto alitegemea ukoo. Siku hizi ukoo wenyewe aghalabu umeelemewa, na mzazi huyo huja ofisini kwa katibu akiuliza: Je, Serikali ina msaada gani kwa mtu kama mimi?

Jibu la kweli ni hili. Hapa Tanzania hakuna posho inayolipwa kwa mtu kwa sababu tu analea peke yake. Haki zipo, lakini zimetawanyika katika sheria mbalimbali, na kila moja ina mlango wake. Tena karibu katika kila mlango, jambo linaloulizwa kwanza ni karatasi. Hapo ndipo kazi ya katibu inapoanza.

1. Matunzo kutoka kwa mzazi mwenzake

Msaada wa kwanza hautoki Serikalini, bali kwa mzazi wa pili. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 129, inamtwika baba wajibu wa kuwatunza watoto wake kwa malazi, mavazi, chakula na elimu kulingana na uwezo wake, hata kama watoto wanaishi kwa mtu mwingine. Baba akiwa amefariki, au hajulikani aliko, au hana uwezo, wajibu huo humwangukia mama.

Kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa, sheria ya zamani iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, na kikomo hicho kikaondoka nacho. Sasa mahakama hutazama kipato na mali ya wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Maombi yanaweza kupelekwa na mzazi, mlezi, ndugu au Ofisa Ustawi wa Jamii. Baba akikana mtoto, mahakama inaweza kuamuru kipimo cha vinasaba.

Tuchukue mfano. Mama anadai matunzo, na baba anasema mbele ya hakimu kwamba yeye ni mkulima mdogo asiye na kitu. Mama hana namna ya kumpinga kwa maneno matupu. Lakini ikiwa baba huyo aliuza tumbaku katika chama msimu uliopita, uzito wa kila mtumba, daraja lake na fedha alizolipwa baada ya kukatwa mkopo wa pembejeo vimeandikwa katika vitabu vya chama. Kwa mkulima asiye na hati ya mshahara, vitabu hivyo ndivyo ushahidi wa kipato chake. Katibu asizitangaze hesabu za mwanachama barazani. Lakini mahakama ikizidai, azitoe zikiwa kamili na safi. Kitabu kilichofutwafutwa humnyima mtoto chakula.

2. Mke aliyeachwa na mjane

Katika kaya nyingi shamba na namba ya uanachama huandikwa kwa jina la mume, ingawa mke ndiye aliyepalilia na kuchambua majani. Ndoa ikivunjwa, mke asiondoke akidhani hana chake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika kupata, kumiliki na kutumia ardhi.

Mume akifa, hisa na malipo ya mazao yake yamo mikononi mwa chama. Ikiwa katika daftari la wanachama ametajwa mtu wa kuvipokea, kazi huwa nyepesi. Nafasi hiyo ikiwa tupu, ugomvi huanza: ndugu wa marehemu huja na madai yao, mjane na yake, na fedha hulala huku watoto wanakosa sare za shule. Njia ya salama ni familia kwenda Mahakama ya Mwanzo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi, na chama kilipe kwa hati ya mahakama. Kumlipa yeyote aliyefika kwanza ni hatari kwa mjane na kwa chama pia.

3. Misaada ya Serikali

Elimu. Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za Serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hatua hiyo ikafika kidato cha tano na sita. Tangu Novemba 2021 msichana aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni.

Afya. Sera ya Afya ya 2007 iliweka msamaha wa gharama kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wasio na uwezo. Asiye na uwezo aanzie kwa serikali ya kijiji, apate barua ya utambulisho, kisha aende kwa Ofisa Ustawi wa Jamii.

Kaya maskini. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000, na awamu yake ya tatu iliyoanza 2012 ilileta ruzuku ya fedha kwa kaya maskini. Kaya zilitambuliwa katika mkutano wa kijiji, kwa kigezo cha umaskini na si cha ulezi wa peke yake. Kwa hiyo asiyehudhuria mkutano huenda asikumbukwe. Ofisa Mtendaji wa Kijiji ndiye wa kuulizwa kama uandikishaji umefunguliwa.

Mikopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejeshwa 2024. Wanawake hukopa wakiwa kikundi kilichosajiliwa. Ikumbukwe kuwa huu ni mkopo wala si zawadi. Na mwanamume mtu mzima asiye na ulemavu hana fungu humo.

4. Mambo ya kufanya katika chama

Kwanza, kabla ya msimu wa masoko, katibu apitie daftari na kumwita kila mwanachama ambaye hajataja mtu wa kupokea haki zake. Pili, wanawake wanaolima washauriwe kujiunga kwa majina yao wenyewe. Tatu, wazazi wahimizwe kupata vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa maana cheti huulizwa shuleni, mahakamani na katika mirathi. Nne, katibu ajue aliko msaidizi wa kisheria aliye karibu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watu hao, na huduma yao hutolewa bure kwa wasio na uwezo.

Ndugu Makatibu, ninyi si mahakimu wala maofisa ustawi, na hamtakiwi kuamua ugomvi wa nyumba za watu. Mnalotakiwa ni kuandika kwa usahihi, kutunza mlichoandika, na kumwonyesha mwanachama mlango unaomfaa. Wakaguzi tukija tutafungua daftari la wanachama, na safu ya mrithi iwe imejazwa.