Mgrivea unaofichwa chini ya rangi ya mninga

Mbao mbili zimeegemezwa ukutani katika karakana moja ya Akheri. Zote ni mgrivea, tena fundi anasema ni za gogo moja. Ya kwanza ni ya kawaida: wekundu uliopauka, michirizi mirefu, basi. Ya pili imejaa madoa yanayometa kama magamba ya samaki. Ukiigeuza kidogo kuelekea dirishani, yaliyokuwa yakimeta yanazima na mengine yanawaka. Kwenye vitanda na makabati ya mgrivea yaliyojaa Arusha nzima, sijawahi kuyaona madoa hayo.

Fundi anasema yote ni mambo ya upasuaji. Ndani ya mti kuna mishipa inayotoka kwenye kiini kwenda gomeni, na ya mgrivea ni minene. Chenso ikilipasua gogo moja kwa moja, ubavu hadi ubavu, mbao nyingi zinaikata mishipa hiyo kichwani na uzuri unapotea. Yeye huligawa gogo mapande manne kwanza, kisha hupasua akilenga kiini. Mishipa inalala wazi juu ya mbao. Mbao hiyo pia haipindi ovyo, kwa kuwa mti ukikauka husinyaa zaidi kufuata duara zake kuliko kuelekea kiini. Lakini mbao zinatoka nyembamba na mabaki ni mengi. Mpasuaji anayelipwa kwa futi atakubali?

Kisha kuna kungoja. Ncha za mbao anazipaka rangi kuukuu zisipasuke, kisha mbao anazipanga kivulini juu ya matofali, vijiti vya unene mmoja kati ya mbao na mbao, mawe juu. Kipande kimoja anakipima kila wiki kwenye mizani. Uzito ukigoma kushuka, ndipo anashika randa. Vumbi la mgrivea linawasha ngozi, kwa hiyo shati ni la mikono mirefu hata jua liwake vipi.

Mti huu wa Australia uliletwa uwe kivuli cha kahawa, na leo umejaa vihambani. Hata hivyo wateja wanataka mninga, basi mafundi wanaupaka mgrivea rangi ya mninga. Hilo ndilo linalomuudhi fundi huyu. Lakini si kila fundi anaweza kungoja kama yeye: kijana aliyenunua mbao kwa mkopo, miezi ya kungoja atalipiwa na nani?

Wewe unayekwenda kuagiza kabati, uliza mbao imekaa kivulini muda gani na ilipasuliwaje. Kisha mwambie fundi apige vanishi tupu.