Jicho la Sungura Likitoa Usaha, Tazama Mdomo Wake

Sungura anayefugwa nyumbani akianza kutokwa na machozi, manyoya ya shavuni yakalowa na matongo meupe yakaganda kwenye pembe ya jicho, karibu kila mfugaji hufanya jambo lilelile: hutafuta dawa ya macho. Wapo wanaochukua ile iliyobaki kabatini tangu mtoto alipougua macho mekundu, na wapo wanaokwenda duka la dawa za mifugo wakarudi na kichupa cha matone au mrija wa marhamu ya tetrasaiklini. Siku nne au tano zikipita, jicho huonekana limepoa. Baada ya wiki mbili usaha umerudi, na mara nyingi umerudi jicho lilelile. Hapo lawama huangukia dawa: ni bandia, imepitwa na wakati, haina nguvu, tujaribu nyingine. Hoja ya makala haya ni kwamba dawa inasingiziwa. Kwa sungura aliyekwisha kukomaa, usaha wa jichoni mara nyingi chanzo chake ni mdomoni, puani au sakafuni mwa banda, na anayetibu jicho peke yake atalitibu mwaka mzima.

Ili kuona kwa nini ni hivyo, tufuate njia ya machozi. Machozi hutengenezwa wakati wote, si wakati wa kilio tu, na yakishalowesha jicho huteremka puani kupitia mfereji mwembamba. Binadamu ana vitundu viwili vya kuyapokea katika kila jicho, kimoja ukope wa juu na kimoja ukope wa chini. Kimoja kikiziba, kingine huendelea na kazi. Sungura ana kimoja tu, upande wa ndani wa ukope wa chini karibu na pua. Kutoka hapo mfereji hupita ndani ya mfupa wa taya la juu, na njiani hupinda mara mbili: kwanza karibu na mizizi ya magego ya mwanzo, halafu karibu na mizizi ya meno ya mbele. Katika kila pindo mfereji huzidi kuwa mwembamba. Sasa tazama meno yenyewe. Sungura mzima ana meno 28, na yote huendelea kukua mpaka anakufa. Yale ya mbele hurefuka kiasi cha milimita 2 kwa wiki. Yasiposagika kwa kasi hiyohiyo, ya juu na ya chini huanza kusukumana, na yakikosa pa kwenda, mizizi hurudi nyuma ikazama ndani ya mfupa. Mzizi wa jino la juu ukirudi nyuma, unaobanwa ni mfereji wa machozi. Machozi hutuama, bakteria huzaliana humo, na usaha mzito hupanda kinyumenyume hadi ukatokea kwenye kile kitundu kimoja. Jicho laweza kuwa zima kabisa, ila linachuruzikwa na uchafu usio wake.

Haya si mambo ya kukisia. Mwaka 2009 madaktari wa mifugo wa Uswisi walichapisha kumbukumbu za sungura 28 waliotibiwa kwa ugonjwa wa mfereji wa machozi. Nusu yao walikutwa na maradhi ya meno, na wengi wa sungura hao waliugua jicho moja tu. Ni kweli kwamba karibu theluthi moja hawakuonekana na sababu yoyote, na msomaji makini ataliuliza hilo. Sungura 28 pia si wengi. Lakini ugonjwa ambao nusu ya wagonjwa wake wana meno mabovu hauwezi kuchunguzwa bila kufungua mdomo. Hii pia inaeleza kwa nini matone huleta nafuu ya siku chache. Dawa huua bakteria walio juu ya jicho, wekundu ukapungua, huku ndani ya mfereji ulioziba haifiki. Ni sawa na kudeki sebule kila asubuhi ilhali bomba linavuja ukutani.

Kwa nini meno yasisagike? Jibu kubwa ni chakula. Nyasi humlazimisha sungura kutafuna kwa kusogeza taya huku na huku, kwa saa nyingi kwa siku, na huko kusuguana ndiko kunakoyapunguza magego. Karoti, kabichi, mkate, mabaki ya ugali na vyakula vya tembe vya madukani humezwa upesi, kwa kutafuna kidogo. Sungura anayelishwa hivyo hunenepa, manyoya hung'aa, mwenyewe hufurahi, na meno hurefuka kimyakimya. Frances Harcourt-Brown, daktari wa mifugo wa Uingereza aliyeandika sana kuhusu sungura, alisisitiza jambo jingine: ukosefu wa kalsiamu na vitamini D, hasa kwa sungura wanaokaa ndani bila jua, hudhoofisha mfupa wa taya hata meno yakalegea na kupinda. Wenzake wengine wanaona usagaji duni ndio sababu kuu. Mabishano yao ni ya maana kwa wataalamu, ila kwa mfugaji pande zote mbili zinaagiza vitu vilevile, na Afrika Mashariki vitu hivyo havina uhaba: nyasi na jua. Ukoka wa kandokando ya shamba, mabingobingo, nyasi za Rhodes zilizokaushwa na kufungwa marobota, vyote vinafaa, mradi havikupigwa dawa ya wadudu na havikuota ukungu. Vichukue sehemu kubwa ya mlo, majani ya mboga yafuate, na tembe ziwe kitoweo. Karoti, ambayo vitabu vya watoto vimeifanya chakula kikuu cha sungura, ina sukari nyingi na haisagi meno kwa kiasi cha maana.

Banda nalo lina sehemu yake. Mkojo ukikaa kwenye maranda au kwenye mbao zilizolowa, bakteria huugeuza ukatoa amonia, ile harufu kali inayochoma pua unapofungua mlango. Mtu anayeingia kwa dakika mbili huisikia na kutoka. Pua ya sungura iko sentimita chache juu ya chanzo chake, usiku na mchana. Amonia huunguza utando wa macho na kuharibu utando wa pua, na pua ikishaharibika hupata nafasi bakteria aitwaye Pasteurella multocida, ambaye sungura wengi hukaa naye bila kuugua. Matokeo yake ni mafua mabaya: kupiga chafya, kamasi nyeupe, na manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yaliyogandamana kwa sababu sungura hujifutia pua hapo. Kutoka puani maambukizi hupanda mfereji uleule wa machozi. Kwa hiyo kuna dokezo moja ambalo mfugaji anaweza kulisoma mwenyewe, ingawa si hukumu: macho yote mawili yakiwa mekundu kwa pamoja, shuku hewa, vumbi au mafua, jicho moja likisumbua na kurudia, shuku jino, mfereji au jeraha.

Jeraha hilo ndilo pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii, na ni pingamizi la haki. Sungura hupepesa macho mara kumi hivi kwa saa, ilhali mtu hupepesa mara nyingi zaidi ya hiyo kwa dakika moja, hivyo kipande cha nyasi au chembe ya maranda inaweza kukaa jichoni muda mrefu. Sungura wakipigana, kucha hukwaruza konea, lile tabaka angavu la mbele ya jicho. Watoto wachanga, ambao hufumbua macho wakiwa na siku kumi hivi, wakati mwingine hushikwa na usaha chini ya kope zilizogandana, na hao kwa kweli wanahitaji kusafishwa kwa pamba na maji ya uvuguvugu kisha wapakwe dawa ya macho upesi, maana usaha uliofungiwa ndani waweza kuwapofusha. Lakini hata hapa kichupa cha kubahatisha si salama. Matone mengi ya macho yanayouzwa kwa ajili ya watu yamechanganywa antibiotiki na steroidi, kama vile deksamethasoni. Steroidi hupunguza wekundu haraka, ndiyo maana hupendwa. Ikitiwa kwenye konea yenye kidonda huzuia kupona na yaweza kulitoboa jicho. Kidonda hicho mara nyingi hakionekani kwa macho matupu. Daktari hudondosha rangi iitwayo fluoresini, akamulika, na palipochubuka hung'aa kijani. Ni kipimo cha dakika chache na hakihitaji mashine kubwa. Inashangaza kidogo kwamba jicho la mnyama huyu lilichunguzwa kuliko la wanyama wengi: tangu 1944, John Draize na wenzake wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani walipoweka utaratibu wa kupima ukali wa kemikali kwa kuzitia machoni mwa sungura, maabara za vipodozi zilitumia njia hiyo kwa miongo mingi. Ujuzi huo wote haujafika kwa mtu mwenye sungura mmoja uani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: daktari yuko wapi, na pesa ziko wapi? Madaktari wengi wa mifugo katika miji yetu wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, na picha ya eksirei pamoja na nusukaputi hugharimu mara kadhaa ya bei ya sungura mwenyewe. Hakuna sababu ya kulificha hilo. Ila tugawe gharama. Nyasi, jua, banda linalopitisha hewa na maranda makavu ni gharama ndogo au si gharama kabisa, na ndivyo vinavyozuia sehemu kubwa ya tatizo. Kutazama meno ya mbele ni bure: mshike sungura vizuri, inua mdomo wa juu polepole, uone kama meno yanakutana sawasawa. Kupapasa chini ya taya na kando ya shavu kutafuta uvimbe ni bure. Magego, hata hivyo, hayaonekani hivyo, na meno ya mbele yanaweza kuwa mazuri huku ya nyuma yameharibika. Basi sungura anayedondosha mate, anayechagua vyakula laini na kuacha nyasi, au anayekonda, ametoa ushahidi wa kutosha wa kwenda kwa daktari yeyote aliye karibu. Anayejua kutibu mbwa anaweza kupima konea kwa fluoresini. Kwa ganzi ya matone na mrija mwembamba usio na ncha, anaweza pia kuusukumia mfereji wa machozi maji ya chumvi ya hospitali. Yakitokea puani, njia iko wazi.

Mahali pasipopaswa kubana matumizi ni kwenye dawa za kunywa. Penisilini, ampisilini, amoksisilini na klindamaisini, ambazo mtu hupewa bila wasiwasi, zikimezwa na sungura huua bakteria wanaomsaidia kumeng'enya chakula, wale wa sumu wakatawala utumbo, akaharisha na kufa. Mwenye nia njema akivunja nusu ya kidonge chake kwa ajili ya jicho la sungura, anaweza kumpoteza sungura mzima. Vilevile meno marefu yasikatwe nyumbani kwa kikata kucha. Jino hupasuka hadi kwenye mzizi, na jipu hufuata. Daktari huyasaga kwa kifaa kinachozunguka. Jicho likianza kutokeza nje kuliko jingine, hilo si la kungoja, kwani mara nyingi kuna jipu nyuma yake, nalo aghalabu limetoka kwenye mzizi wa gego. Wala si la kungoja sungura aliyesusa chakula kwa saa kumi na mbili, jicho liwe zuri au baya, kwa sababu utumbo wake ukisimama maisha yake yamo hatarini.

Mfugaji asitarajie muujiza hata akifanya yote haya. Katika wale sungura wa Uswisi, waliopona walichukua zaidi ya wiki 5 kwa wastani, na waliopona kabisa hawakufika nusu. Mfereji uliokaa na usaha muda mrefu hupata makovu, na jino lililokwisha kusukuma mfupa halirudi mahali pake. Kuna sungura watakaochuruzika machozi siku zote wakaishi vizuri, mradi shavu lifutwe kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa kila siku. Ngozi inayolowa huchubuka, manyoya hunyonyoka, na nzi hutaga hapo mpaka funza wakaonekana. Anayefuga wawili ana msaidizi na pia ana mtego. Sungura waliozoeana hulambana usoni, na mwenzake akiyalamba machozi mara kwa mara uso hukauka, na mwenye nyumba akaona jicho safi lisilo na tatizo. Wakaguliwe alfajiri, kabla hawajaanza kulambana, na atakayekutwa na pembe ya jicho iliyolowa atazamwe meno siku hiyohiyo.